DAKTARI WA MTOTO ATAFUTWE KABLA MTOTO HAJAZALIWA
Hotuba kwa wanachama na wafanyakazi wa Garissa



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya watoto wachanga. Labda mmoja wenu atauliza: watu wa reli wana habari gani ya watoto, na tena reli yenyewe haifiki Garissa? Jibu ni fupi. Kati yetu wako ambao kazi yao iko njiani, Voi au Athi River, na nyumba zao ziko huku ng'ambo ya Tana. Mama anapojifungua, baba yuko mbali.

Tena katika kazi yetu iko kanuni moja ambayo yafaa nyumbani pia. Gari haliruhusiwi kutoka stesheni mpaka stesheni ya mbele imejibu kwamba njia ni wazi. Hatupeleki gari kwanza halafu tukaulize njia. Lakini watoto wetu twawapeleka hivyo hivyo. Mtoto azaliwa, augua, ndipo twaanza kuulizana daktari yuko wapi, tena usiku.

Huko Marekani, na siku hizi hata Nairobi kwa wenye nafasi, wazazi humtafuta daktari wa watoto mimba ikiwa na miezi saba au minane. Humwendea, humwuliza maswali, na mtoto akizaliwa daktari tayari amjua. Je, sisi twaweza kufanya vile? Twaweza, lakini kwa namna ya kwetu.

DAKTARI WA MTOTO NI NANI HAPA KWETU

Daktari aliyesomea magonjwa ya watoto peke yake ni mtu adimu katika nchi hii ya Kaskazini Mashariki. Ukimtaka, yafaa uulize kwanza katika hospitali kuu ya rufaa ya Garissa. Lakini mfanyakazi aliye Dadaab yuko mbali na mji huu kama kilometa 100, na wa Masalani au Hulugho yuko mbali zaidi. Kwa hiyo tusidanganyane. Mtu wa kwanza kumwona mtoto wako atakuwa nesi wa zahanati, au tabibu, yule tunayemwita klinikal ofisa. Huyo ndiye wa kumchagua mapema. Si haba huyo. Nesi mwema anayejua lini mtoto apelekwe mbele ameokoa watoto wengi.

Basi kuchagua kwetu ni kujua watu watatu kwa majina yao na simu zao. Wa kwanza ni nesi au tabibu wa karibu. Wa pili ni mahali pa rufaa, na nani hupokea watoto wachanga pale mchana na usiku. Wa tatu ni mwenye gari. Tangu mwaka 2023 serikali imewaweka pia wahudumu wa afya wa jamii vijijini. Mjue wa kijiji chako, maana yeye huja mpaka mlangoni.

Kama utakwenda kwa daktari wa kujitegemea, usiangalie koti jeupe peke yake. Baraza la madaktari la Kenya lina orodha ya wenye leseni, na matabibu na manesi nao wana mabaraza yao. Kuuliza leseni si matusi. Dereva wa gari la moshi huonyesha cheti chake, na daktari vile vile.

SIKU AROBAINI

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Kwa ndugu zetu Wasomali mama aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Ni desturi njema. Mama hupumzika, hulishwa, na wazee humtunza. Wala si Wasomali peke yao, Pwani pia ipo. Hatuji kuivunja.

Lakini tuhesabu siku. Shirika la Afya la Dunia lasema mtoto atazamwe siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Wiki ya sita ni siku ya 42. Hiyo haina shida, arobaini imekwisha, mama atoka na mtoto apata sindano zake. Shida iko katika zile za mwanzo. Na ulimwenguni kote, katika watoto wanaokufa kabla ya kufikisha mwezi mmoja, karibu robo tatu hufa katika wiki ile ya kwanza. Kwa hiyo mtoto yuko ndani wakati ule hasa wa hatari.

Dawa yake ni mapatano ya mapema. Mama akiwa bado mjamzito, baba na wazee wakae pamoja na nesi. Waulize: waweza kuja nyumbani siku ya tatu? Kama hawezi, nani atamchukua mtoto na mama yake kwenda zahanati? Bibi mzaa mama akikubali jambo hili mapema, hakuna ugomvi baadaye. Asiposhirikishwa, msimlaumu akikataa.

Mwenzetu mmoja wa njia alifanya hivyo. Mtoto wake siku ya nne aligeuka manjano. Majirani wakasema atolewe juani, yatakwisha. Bibi akasema, "Hapana, nesi alituambia tumwite." Nesi akaja, akatazama viganja na nyayo, akaona umanjano umefika huko. Siku ile ile mtoto akapelekwa penye taa ya kutibu manjano. Baba alikuwa zamu, mbali. Kazi yake alikuwa ameimaliza miezi miwili nyuma.

MASWALI YA KUULIZA

Msiende kwa nesi au daktari mkakaa kimya. Ulizeni hivi:

1. Usiku na Jumapili nani yupo? Na wakati wa mgomo je? Mwaka 2024 madaktari wa serikali waligoma siku 56. Sisi watu wa chama hatuwalaumu wanaodai haki yao, lakini mtoto mchanga hajui mgomo.

2. Kama mtoto amezaliwa mdogo, chini ya kilo mbili na nusu, kuna chumba cha watoto wachanga? Je, manesi humfundisha mama kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto?

3. Kuna nesi wa kike, na mtu wa kuzungumza Kisomali na mama? Mama asiyeelewa maneno hataweza kuyafuata.

4. Njia ikikatika tufanyeje? Novemba 2023 maji ya Tana yalifunika barabara upande wa Madogo, na watu hawakuweza kupita kwenda Nairobi. Aprili 2024 mafuriko yalirudi. Anayetegemea daktari wa Nairobi, kilometa kama 370, na awe na mwingine upande huu wa mto.

5. Sindano na matone hutolewa siku gani? Mtoto apewe BCG na matone ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18. Polio si hadithi hapa. Mwaka 2013 ilizuka Dadaab, na mwaka 2023 ikaonekana tena katika kambi ya Hagadera.

DALILI ZA KUMWITA BILA KUNGOJA

Ziandikwe ukutani. Mtoto hanyonyi. Anashikwa na degedege. Anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua chaingia ndani. Mwili wamchoma, au ni wa baridi. Viganja na nyayo ni manjano. Kitovu kina usaha. Halegei usingizini tu, bali hata akiguswa hajisogezi. Moja yatosha, msingoje ya pili.

Na tuongeze neno juu ya chakula. Maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, ndiyo kinga ya kwanza. Maji ya sukari na maziwa ya ngamia yangoje. Miezi sita ya mwanzo ni ya mama peke yake.

HAKI NA FEDHA

Ndugu, haya yote yataka siku na yataka fedha. Hapo ndipo chama huingia.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na yampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Tazameni vizuri: wiki mbili ni siku 14, nazo ndizo zile siku za hatari tulizozihesabu. Likizo ile si ya kunywa chai na wageni. Ni ya kumpeleka mtoto siku ya tatu na wiki ya pili. Basi baba aiombe kwa maandishi mapema, asingoje mtoto alie.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haipo tena, mahali pake pana SHA. Katika kila shilingi 100 za mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75. Lakini kukatwa si kufika. Iko hatari mwajiri akakata na asipeleke, na mfanyakazi ayajue hayo mlangoni pa hospitali, mke akiwa na uchungu. Kwa hiyo mimba ikifika miezi mitano, kila mwanachama ahakikishe kwamba fedha zake zimefika na mke ameandikwa. Zisipofika, alete hati ya mshahara kwa katibu wa tawi. Jambo hilo ni la chama zima, mtu mmoja asipigane nalo peke yake. Na mtoto akizaliwa, kizazi chake kiandikishwe kabla ya miezi sita, naye atiwe katika jina la mzazi.

Taarifa iliyotolewa mwaka 2014, kutokana na hesabu ya watu ya 2009, ilikadiria akina mama 646 waliokufa kwa uzazi Garissa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, Wajir 1,683, na Mandera 3,795. Katika hao walikuwamo wake wa wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe. Kupungua kwa hesabu hiyo kwataka barabara, madaktari na fedha za serikali, nasi tutaendelea kuzidai. Lakini kupata majina matatu na simu tatu hakungoji bajeti.

Twaomba kila tawi lifanye jambo moja kabla ya mkutano ujao: lipachike ukutani orodha ya manesi, matabibu na wenye magari wa mahali pale, na zamu zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.