Uzi, Cherehani na Moto: Mazungumzo kwa Mafundi wa Mariakani



Anayepita karibu na mizani ya Mariakani huwaona mautingo wakichoma ncha za kamba za nailoni kwa kiberiti ili zisifumuke. Ncha huyeyuka, hugandamana, basi. Sanaa ya kudarizi kwa cherehani na kuchoma kitambaa imejengwa juu ya jambo hilo hilo: kuna kinachoyeyuka na kuna kisichoyeyuka.

Kwa hiyo fundi aanze kwa kuijua nguo yake. Achomoe nyuzi mbili tatu pembeni, azishike kwa koleo juu ya sahani ya bati yenye maji, aziwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha tone gumu. Leso zinazouzwa madukani nyingine ni pamba, nyingine poliesta, na mitumba mingi haina lebo.

Chini huwekwa pamba nzito, mfano merikani (kitambaa, si mji wetu, majina yanakaribiana tu). Juu yake hupangwa vipande vya shashi ya poliesta kutoka kapu la mabaki, rangi juu ya rangi. Anayetaka kuiga makunjo ya hando ayakunje sasa, kabla ya kushona.

Cherehani huondolewa mguu na meno yake kushushwa. Kama ni ya zamani na meno hayashuki, yafunikwe kwa kibati chake. Kitambaa hukazwa kwenye fremu ya duara, kisha mikono ndiyo inayokiongoza, kama kalamu. Wenzo wa mguu ushushwe hata kama mguu haupo, la sivyo uzi utafungamana chini. Vidole vikae mbali na sindano, maana hakuna cha kuvikinga.

Uzi wa kudarizia uwe wa pamba. Hapa ndipo kazi ya siku nzima huharibika. Gurudumu nyingi za uzi madukani ni za poliesta, na joto likifika, mshono huyeyuka pamoja na kitambaa. Uzi nao upimwe kwa moto.

Baada ya kushona, joto. Pasi ipitishwe juu ya karatasi ya kuokea, au ncha ya chuma cha moto cha fundi redio iguse shashi katikati ya mishono. Shashi hufunguka matundu, pamba ya chini huchungulia, na mishono hubaki imesimama kama mishipa ya jani. Pasi ya makaa haina kipimo cha joto, hivyo ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Turubai za malori zina rangi za kuvutia, lakini nyingi zimepakwa plastiki ya PVC. Zisichomwe kabisa. Hutoa gesi yenye asidi inayounguza macho na mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hata poliesta ichomwe nje penye upepo, watoto wakiwa mbali, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Kazi hizi ni za ukutani, si za kuvaa: poliesta iliyoyeyuka hukwaruza ngozi, na ikishika moto hung'ang'ania mwilini. Mnunuzi aambiwe hivyo kabla ya kulipa, na kwamba asiipige pasi.