Je, Shukrani Yaweza Kupimwa?

Fungueni madaftari yenu.

Nguo tunaipima kwa mita, na unga kwa kilo. Je, shukrani yaweza kupimwa? Mwaka 2002 wataalamu watatu wa Marekani, McCullough, Emmons na Tsang, walitoa karatasi yenye sentensi 6. Kwa kila sentensi unaandika namba: 1 maana yake nakataa kabisa, na 7 nakubali kabisa. Alama za juu ni 6 mara 7, yaani 42.

Lakini angalieni. Sentensi 2 zimegeuzwa. Moja yasema kwamba mtu haoni mengi ya kushukuru. Katika hizo, 7 huhesabiwa kuwa 1. Basi mtu akiandika 7 kila mahali kwa adabu tu, atapata 28 na 2, jumla 30.

Wataalamu hao waliona kwamba wenye shukrani nyingi, mara nyingi ndio pia waliojali zaidi dini na mambo ya roho. Je, ni shukrani iliyostawisha roho, au ni roho iliyozaa shukrani? Alama hazisemi. Embe huiva wakati wa joto, lakini si embe iletayo joto.

Tena nchi hazifanani. Karatasi hiyo ilipojaribiwa Taiwan, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, sentensi moja haikupatana na nyenzake. Zikabaki 5.

Na kwetu pwani? Mwambie bibi mgonjwa, "Shikamoo bibi, u hali gani?" Atajibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi." Jirani yake Mkristo atasema, "Namshukuru Mungu." Hayo ni maneno ya imani na adabu, hayakwambii kama homa imepungua. Mgeni mwenye karatasi aweza kuandika 7 akaenda zake, na bibi akabaki bila dawa.

Kwa hiyo, ukienda kumjulia mtu hali, pokea shukrani yake, kisha uliza tena: "Bibi, umekula? Dawa ipo?"

Sasa kazi ya nyumbani. Andikeni sentensi 3 za mema mliyotendewa wiki hii, mkitaja ni nani aliyewatendea. Kisha andikeni sentensi ya 4: jambo mnalolihitaji. Msione haya kuiandika. Anayeshukuru aweza kuwa na shida pia.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.