Askari Langoni pa Shule

Somo letu la leo latoka Injili ya Luka, mlango wa 3, kifungu cha 14.

Yohana Mbatizaji alipokuwa akihubiri kando ya Yordani, askari nao walimwendea, wakamwuliza wafanye nini. Hakuwafukuza, wala hakuwaambia waache kazi. Aliwawekea mipaka: wasidhulumu watu, wasiwasingizie, na mshahara wao uwatoshe.

Swali la askari hao limefika katika nyumba zetu, huku Thika na Ruiru. Mzazi mmoja asema, "Polisi na wakae shuleni, watoto wamekosa adabu." Mwingine asema, "Bunduki na vitabu havikai pamoja."

Wa kwanza ana sababu. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika moto uliowashwa bwenini huko Kyanguli, Machakos. Mama anayeogopa mwanawe asije akaungua usingizini, nani atamwambia anyamaze? Tena wakati wa mtihani wa kidato cha nne askari hulinda karatasi, nasi twashukuru.

Wa pili naye ana sababu. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walikuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi, na baadaye serikali ikaomba radhi.

Sheria yenyewe yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto asiwekwe kizuizini ila njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kosa la jinai. Na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 yamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Ni neno lile lile la Yordani: nguvu iwe na mpaka.

Lakini sheria ya askari haimwondolei mzazi kazi yake. Watu wa Ruiru mnaijua kahawa. Mti wake hupogolewa kwa makasi, msimu baada ya msimu, na mtu anayeujua. Aliyeuacha miaka mingi, kisha akaja na shoka, asiulaumu mti. Ndivyo tulivyo wengi. Twaondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, twarudi mtoto amelala. Mwalimu akituita, twamtuma shangazi. Halafu kijana akivunja kioo twasema, "Mwite askari amtie adabu." Ndugu yangu, kesho kijana huyo atatafuta kazi, naye ataombwa cheti cha tabia njema. Cheti hicho hutoka kwa polisi.

Liko jambo la askari, na liko jambo la mzazi. Amwagaye petroli mlangoni pa bweni, askari aitwe, na aje upesi. Lakini aliyetoroka, aliyemjibu mwalimu vibaya, aliyepigania sahani ya githeri, huyo ni wetu. Tukae naye, tumwonye, tumsikilize pia. Na yule aliyepelekwa kituoni, baba na mama wamfuate huko, wasimwache peke yake hata saa moja.

Juma hili, nenda shuleni kabla hujaitwa. Mwulize mwalimu mkuu kwa upole: Ni nani hapa humwita askari? Humwita kwa jambo gani? Na mzazi huarifiwa lini? Kama hakuna jibu, mkutano wa wazazi na ulitafute.

Tuombe. Ee Baba, walinde watoto wetu na moto, na rungu, na uvivu wetu sisi wazazi. Wape askari wetu moyo wa kuuliza kama wale wa Yordani, na utupe sisi miguu ya kufika shuleni mapema. Kwa jina la Yesu. Amina.