Rada ya Boti Ndogo: Tununue Nini Kwanza?



Sisi ni watu wa Tabora. Zamani misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa kwetu, ikafika Ujiji ziwani. Msafara ulipokaribia mji, ulipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue kuna wageni. Mwaka 1871 Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia Ujiji hivyo hivyo.

Siku hizi baadhi yetu tunakwenda Kigoma kuvua dagaa na migebuka. Tuna boti moja ya mbao, yenye mashine. Usiku mmoja wa mvua tulikuwa tunarudi, taa tumezizima. Meli ikapita karibu kabisa, wala haikupunguza mwendo. Mawimbi yake yakaingia botini. Jamani, tuliponea chupuchupu! Tulipofika nchi kavu tukasema, "Tuchange, tununue rada."

Lakini tukauliza kwanza: rada ni nini? Ni mashine inayotupa mawimbi ya redio. Mawimbi yakigonga kitu, yanarudi kama mwangwi, na kitu hicho kinaonekana kwenye kioo. Chuma hurudisha mwangwi mkubwa. Mbao hurudisha mdogo sana. Kwa hiyo hata meli yenye rada inaweza isituone.

Anayetaka kununua rada ajiulize:

1. Betri yetu itaiwasha usiku kucha?
2. Tuna mlingoti imara wa kuiweka juu? Ikikaa chini haioni mbali.
3. Nani kati yetu atajifunza kuisoma?
4. Ikiharibika, fundi na vipuri viko wapi?

Kama ni rada kuukuu, tusilipe mpaka tuione ikifanya kazi.

Sisi tulijibu maswali hayo, tukaona bado hatujaweza. Basi tukaanza na vya bei nafuu. Kwanza, jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Pili, taa inayowaka safari nzima, siyo wakati wa kuvua tu. Tatu, kusikiliza habari za hali ya hewa kabla ya kutoka.

Nne, bati la kurudisha mwangwi. Fundi bati anachukua mabati matatu bapa, siyo ya migongo. Anayaunganisha yakatane katikati, kila pembe iwe sawasawa kama pembe ya daftari. Tunalifunga juu ya mlingoti. Bati likipinda, halifai tena. Likiwa kubwa zaidi, linaonekana zaidi.

Mtu atauliza, "Bati hilo linatosha?" Hapana, bwana. Nahodha wa meli asipotazama rada yake, halisaidii. Mvua kubwa nayo huweza kutuficha. Kwa hiyo macho yetu yasilale.

Rada inatuonyesha wengine. Taa na bati vinatuonyesha sisi. Mwenye fedha kidogo aanze kwa kuonekana, kama ule msafara uliopiga bunduki kabla ya kuingia mjini.