Damu ya Wazee Wetu

Hotuba kwa wazee wa mitaa na waalimu, Kariakoo, Dar es Salaam



Twataka kusema nanyi habari ya neno moja lisemwalo nyumbani mwetu: "Huo ni uzee tu." Mzee akichoka upesi, akiona kizunguzungu, au moyo ukimwenda mbio apandapo ngazi, jamaa zake humwambia hivyo, wakamwacha. Neno hilo si kweli. Uzee peke yake haumalizi damu. Mzee aliyepungukiwa na damu ana sababu, na sababu hiyo yapasa kutafutwa.

Pengine ni chakula kisicho na chuma cha kutosha, maana bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu. Pengine ni safura, yaani minyoo wapitao katika ngozi ya miguu, wakaenda kunyonya damu tumboni. Tena kuna vidonda vya tumbo, na dawa za maumivu ya viungo, ambazo zikitumiwa siku nyingi zaweza kumtoa mtu damu tumboni kidogo kidogo. Choo kikiwa cheusi kama lami, mzee apelekwe hospitali siku ile ile. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kwa habari ya chakula, Kariakoo ni mahali pa soko. Maini, nyama, dagaa, maharage na mchicha vyote vina chuma, ila kile cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani. Mboga zikikamuliwa ndimu, au zikiliwa pamoja na pera au chungwa, chuma chake huingia zaidi. Lakini chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hukizuia. Basi mzee asinyimwe chai yake. Ainywe baada ya kula, ipite saa nzima au zaidi. Na chakula cha usiku kiliwe mapema, asilale na tumbo zito.

Kariakoo ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914–1918. Wale walikuwa watu wa mwendo. Wazee wengi wa leo hukaa penye biashara tangu asubuhi hata jioni. Shirika la Afya Duniani lashauri mwendo wa haraka kidogo, dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Aliyetimiza miaka 65 aongeze, siku 3 kwa juma, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, kama kuinuka kitini bila kujishika. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu, na matembezi mafupi baada ya chakula hupunguza sukari katika damu. Lakini aishiwaye pumzi apimwe kwanza.

Twawaomba, basi, mkimwona mzee ambaye viganja vyake na ndani ya kope zake vimepauka, mpelekeni akapimwe damu. Msimnunulie vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi hudhuru ini, na vidonge vyaweza kuuficha ugonjwa wenyewe.