Mzee Anapodaiwa Pencheni Aliyozidishiwa: Wajibu Wetu Sisi Watoto

Nasaha iliyotolewa baada ya sala ya Isha, Chukwani, Unguja

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu Wataala. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamuomba maghufira. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani,

Jambo tutakalousiana leo ni nadra kulisikia juu ya mimbari, ingawa limo ndani ya majumba yetu. Ni ile barua inayomfikia mzee aliyekwisha kustaafu, ikimwambia kuwa amelipwa zaidi ya haki yake na kwamba anatakiwa arejeshe. Mzee haioni vyema barua hiyo, wala hafahamu lugha yake. Anayeisoma ni mtoto wake. Hapo ndipo mtihani unapoanza, na mtihani huo si wa mzee peke yake, bali ni wetu sisi watoto.

Tuanze na yaliyotufika wenyewe. Baba yetu, aliyefanya kazi ya umma kwa miaka mingi, aliletewa barua na ofisi iliyokuwa ikimlipa pencheni. Barua ilieleza kuwa kwa miezi 22 alikuwa akizidishiwa shilingi 60,000 kila mwezi, kwa kuwa muda wake wa utumishi ulihesabiwa kimakosa, na kwa hivyo anadaiwa shilingi 1,320,000.

Tulikutana barazani, sisi ndugu watano. Wa kwanza kusema alimuuliza baba kwa ukali: "Kwani wewe ulitia saini nini?" Wa pili akasema barua ichanwe, kwani hazina haitofilisika kwa pesa za mzee mmoja. Wa tatu akashauri tunyamaze tu, kwani baba ana umri mkubwa, na akishafariki watamdai nani? Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta tasbihi yake. Kisha akasema: "Wanangu, mimi siogopi kulipa. Naogopa kufa na hali sijui kama nadaiwa au sidaiwi."

Tulinyamaza sote. Maneno hayo yalitufanya tulitazame jambo hili upya, na tuliyojifunza ndiyo tunayokuleteeni usiku huu.

Kwanza, ni adabu kwa mzazi. Katika Suratul Israa, aya ya 23, Allah ametukataza kuwaambia wazazi wetu hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao, na akautaja khasa wakati wanapofikia uzee wakiwa mikononi mwetu. Mzee aliyezidishiwa kwa kosa la hesabu ya ofisi amekosa nini? Hakupanga hesabu yeye, wala hakuonesha cheti cha uongo. Alipokea alichopewa akidhani ni haki yake. Swali letu la ukali lilikuwa tuhuma, na tulimtuhumu mbele ya wajukuu zake. Usiku ule ule tulimuomba radhi kabla ya kuigusa barua.

Pili, ni kuikiri haki ya mwenye haki. Mafakihi wametufundisha kuwa kukosea humuondolea mtu dhambi, lakini hakumuondolei dhamana. Dalili iliyo wazi imo katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ambapo hata aliyeua kwa bahati mbaya amewajibishwa dia. Mtu akila chakula cha jirani yake kwa kudhani ni chake hana dhambi, lakini thamani yake atailipa. Basi pesa iliyoingia kwa mzee wetu kimakosa haiwi halali yetu kwa sababu tu aliyekosea ni mwengine.

Na tukumbuke mali hiyo ni ya nani. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikitoa Pensheni Jamii kwa wazee waliotimia miaka 70, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa wala kuchangia mfuko wowote: mkulima, mvuvi, mama aliyelea watoto nyumbani. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha kikapandishwa hadi 50,000. Kwa hivyo anayeila fedha ya umma isiyokuwa yake anakula katika sahani ya wazee wenziwe baba yake.

Hapa pana jambo zito zaidi. Yako majumba ambayo mzee hufariki, akazikwa, na mtoto akaendelea kuipokea posho yake mwezi baada ya mwezi. Hilo halimo katika mlango wa makosa tuliyoyataja. Hiyo ni khiyana, na mwenye kudaiwa mbele ya Allah ni huyo anayepokea, si marehemu. Mzee akifariki, wajibu wa jamaa ni kumjuulisha sheha na ofisi inayolipa, tena mapema.

Tatu, ni kutaka bayana. Ndugu zetu, kuikiri haki si kukubali kila karatasi. Katika sheria yetu anayedai ndiye anayetakiwa alete ushahidi. Na katika aya ndefu ya deni, Suratul Baqara aya ya 282, Allah ametaja kuwa mdaiwa akiwa dhaifu au hawezi kujieleza, basi walii wake aeleze kwa niaba yake, kwa uadilifu. Tuitafakari hukumu hiyo. Mtoto anaposimama mbele ya ofisi kumsemea mzazi wake yumo katika kazi iliyotajwa ndani ya Qur'an, na sharti lake ni uadilifu: asizidishe, asipunguze.

Hapa kwetu Chukwani lipo Baraza la Wawakilishi. Sheria hutungwa karibu na milango yetu, lakini wengi wetu tunaona haya kuuliza karani suali moja. Sisi tuliandika barua kwa ridhaa ya baba, naye akaitia saini. Tuliomba hesabu ya mwezi kwa mwezi, sababu ya kosa, na kifungu cha sheria kinachotumika. Kisha tukaenda benki tukachukua taarifa ya akaunti yake, tukailinganisha na hesabu ile. Tukaona kuwa katika miezi ile 22, mitatu baba hakulipwa kitu kabisa, kwani malipo yalisimama wakati wa uhakiki wa wastaafu. Vipi atazidishiwa katika mwezi asiolipwa? Tulipoionesha ofisi taarifa ya benki, shilingi 180,000 ziliondolewa. Likabakia deni la kweli la shilingi 1,140,000. Lau tungeichana barua, tungekula kisichokuwa chetu. Na lau tungelipa kwa khofu, tungempotezea mzee haki yake.

Tunausia pia: kila barua iwekewe nakala, kila malipo yawe na risiti, na pesa isikabidhiwe mtu mkononi wala isitumwe kwa anayepiga simu akidai yeye ni afisa. Matapeli wanajua kuwa wazee wana khofu.

Wapo miongoni mwetu wenye wazazi wanaoishi Uingereza, ambao huja kufunga Ramadhani hapa na wajukuu zao wakakaa mpaka Iddi ya Mfunguo Tatu. Nao wana mtihani kama huu. Pencheni ya kawaida ya huko humfuata mzee anaposafiri. Lakini ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, tangu Julai 2016, hulipwa tu ikiwa safari ya nje ya nchi haizidi wiki 4. Huweza kufika wiki 8 kwa msiba wa jamaa wa karibu, na wiki 26 kwa matibabu. Mzee akisafiri bila ya kutoa taarifa, hurudi akaikuta barua ya madai. Basi watoto watoe taarifa kabla ya safari. Na barua ikishafika, mzee ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, na asiporidhika akate rufaa.

Nne, ni kuomba muda. Suratul Baqara, aya ya 280, inamuamrisha mdai ampe nafasi mdaiwa mwenye dhiki, na inaeleza kuwa kusamehe ni bora zaidi. Kuomba muda si aibu. Sahaba Jabir bin Abdillahi (R.A.) alifiwa na baba yake katika vita vya Uhud, naye akaacha deni, katika riwaya moja, deni hilo lilikuwa wasaki 30 za tende. Jabir hakulikana wala hakujificha. Aliomba muda, na mdai alipokataa, akamuendea Mtume (S.A.W.) amuombee. Mdai akakataa tena. Mtume akaingia katika shamba la mitende, akatembea ndani yake, kisha akamuamrisha Jabir avune na alipe. Deni likalipwa lote na tende zikabaki. Huyo ndiye kiigizo chetu: mtoto aliyelibeba deni la baba yake kama lake.

Sisi tuliomba kulipa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani miezi 38, na ofisi ikakubali. Kisha tukakubaliana kila ndugu atoe 6,000, ili pencheni ya baba isiguswe. Yule aliyetaka barua ichanwe ndiye aliyekuwa akizikusanya.

Tano, ni kutosubiri mauti. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiloliachia malipo, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini.

Baba yetu alifariki baada ya mwezi wa 14 wa malipo. Chini ya mto wake tulizikuta risiti 14, amezifunga kwa uzi, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: kilicholipwa 420,000, kilichobaki 720,000. Tuliilipa hiyo 720,000 kwa mara moja kutoka katika alichokiacha, kabla ya kugawana hata msala wake.

Ndugu zetu, ikikufikieni barua kama hiyo, msimkemee mzee, msiikane haki, msikubali bila ya bayana, na msingoje kaburi.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea wadogo, uwalipie madeni yao, na utujaalie tuwe watoto wenye kuwaondolea khofu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.