Kimashine cha Umeme: Kijue Kabla Hujakibandika

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Leo tuzungumze juu ya kile kimashine kidogo chenye nyaya na vibandiko, ambacho wengi wenu mmeshakiona. Pengine bibi amenunuliwa kwa ajili ya kiuno. Pengine mchezaji wa timu ya shule anacho kwenye begi, misuli ikimkaza anabandika. Wengine wanauziwa mkanda wa tumbo, eti ukijifunga na kukaa tu, kitambi kinayeyuka! Je, ni tiba? Ni hatari? Tuone.

Kinafanyaje kazi?

Ukitaka kunyanyua ndoo ya maji, ubongo hutuma amri kupitia mishipa ya fahamu, na amri hiyo ni umeme mdogo sana. Msuli ukiipata, unajikunja. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Italia aliandika jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyorusha teke kwa umeme. Kimashine kinafanya kazi hiyo hiyo: kinapitisha umeme kidogo kwenye ngozi, na msuli unacheza bila wewe kuuamrisha. Vingine vimetengenezwa kutuliza maumivu. Vinaichezea mishipa ya fahamu ili maumivu yasisikike sana.

Nimesema yasisikike. Sikusema ugonjwa upone. Tafadhali shikeni hapo.

Maumivu ni mlinzi

Maumivu ni kama mbwa anayebweka usiku. Ukimfunga mdomo, mwizi hajaondoka. Tuseme kijana ameumia goti mazoezini, na mashindano ya UMISSETA yamekaribia. Anabandika kimashine, maumivu yanapungua, anarudi uwanjani. Kumbe kano za goti zimechanika! Jeraha dogo linakuwa kubwa. Ukiumia, acha kucheza, weka kitambaa chenye maji baridi, inua mguu. Kama huwezi kuukanyagia, nenda hospitali.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, usibandike na wala usiuchue. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na tumbo likiuma sana, usilinyamazishe kwa umeme. Inaweza kuwa kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba.

Na mkanda wa tumbo je?

Msuli utacheza kweli, lakini mafuta yatabaki pale pale. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliwafungulia mashtaka wauzaji wa mikanda ya AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa matangazo ya uongo ya namna hiyo. Wewe tembea, kimbia, cheza mpira. Ni bure!

Nani asitumie?

• Mwenye betri ya moyo au ugonjwa wa moyo.
• Mwenye kifafa.
• Mjamzito, au msichana anayedhani huenda ana mimba, mpaka daktari aseme.
• Mwenye saratani, mpaka daktari aseme.
• Mwenye ganzi, kwa mfano kutokana na kisukari au ukoma. Sisi wa Dodoma tunaijua Hombolo, ambako wagonjwa wa ukoma walitunzwa kwa miaka mingi. Mtu asiyesikia moto wa jiko hatausikia umeme ukimchoma.

Kwa hiyo usimbandike bibi kabla ya kumuuliza habari za moyo na sukari yake.

Ukiruhusiwa, fanya hivi

1. Usibandike kichwani, machoni, mbele ya shingo, kifuani wala kwenye kidonda. Umeme ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.
2. Osha ngozi, ikauke. Usipake mafuta.
3. Bandika kimashine kikiwa kimezimwa. Anza na nguvu ya chini kabisa, panda taratibu. Usikie kutekenywa au msuli kuvuta. Ukisikia kuungua au maumivu, zima.
4. Fuata muda ulioandikwa kwenye maelezo. Usilale nacho, usioge nacho, usifanye kazi ya mashine huku umekivaa.
5. Zima kwanza, ndipo ubandue.
6. Vumbi na ukavu wa kwetu huharibu vibandiko haraka. Kibandiko kilichoshika upande mmoja tu hukusanya umeme mahali padogo, na ngozi huungua. Virudishie karatasi yake ya plastiki. Vikichoka, nunua vingine. Msiazimane.
7. Usikitumie kikiwa kwenye chaja.

Na nyinyi mafundi wa bwenini, nisikilizeni vizuri. Usijitengenezee chako kwa nyaya za chaja! Umeme wa ukutani ni volti 230. Huo haukuchui, unaua.

Ukinunua, epuka kisicho na maelezo unayoweza kuyasoma. Vifaa tiba nchini vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopewa jina hilo mwaka 2019. Muulize muuzaji kama kimesajiliwa. Akianza kung'aka, ondoka. Na kabla ya kununua, ulizia idara ya fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Huko utaambiwa kwanza kinachokuuma ni nini. Hilo kimashine hakiwezi kukuambia.

Jadilini katika klabu yenu

• Rafiki yako anabandika kimashine kila siku ili aweze kucheza. Utamwambia nini?
• Nyumbani kwenu kipo? Nani anakitumia, na aliulizwa nini kabla ya kubandikwa?